Kabla ya Kulipa Ada ya Mbio za Milimani: Ushauri kwa Waendesha Baiskeli wa Bukene

Kuna swali ambalo limeulizwa mara nyingi mno, siwezi kulijibu kwa mkato. Wanaouliza wengi ni vijana wa Bukene, Itobo na vijiji vya upande huu wa Nzega. Wameona kwenye simu watu wakishuka kwa baiskeli kwenye miamba ya Himalaya, vumbi linatimka, na kando wanakijiji wanashangilia. Nao wanauliza: "Sisi tumenyonga baiskeli tangu utotoni. Tunapeleka magunia mnadani kwa keria, tunapita kwenye mchanga ambao hata pikipiki inazama. Tunaingiaje kwenye mbio kama zile?"

Inawezekana kuingia. Afrika Mashariki imeshatoa mfano. Adrien Niyonshuti, Mnyarwanda kutoka Rwamagana, alishindana mbio za baiskeli za milimani kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, na safari yake ilianzia kwenye barabara za vumbi za nyumbani kwao. Lakini njia ya kufika huko siyo ile ambayo wengi wenu mnaiwaza, na kuna kosa moja ambalo likifanyika mwanzoni linaweza kukugharimu fedha, mifupa, au vyote viwili. Ndilo ninaloanza nalo: kuingia mbio za aina isiyokufaa.

Jua kwanza unaingia mbio za aina gani

Zile video mnazoangalia nyingi ni za enduro. Katika enduro, muda unapimwa kwenye miteremko tu. Waandaaji huchagua vipande kadhaa vya kushuka, kwa kawaida vitatu hadi saba kwa siku. Ukimaliza kipande kimoja unapanda mwenyewe, kwa miguu yako, hadi mwanzo wa kingine. Huko kupanda hakupimwi. Unachodaiwa ni kufika kituoni kabla ya saa uliyopangiwa, na ukichelewa unaongezewa muda wa adhabu. Mwisho wa siku wanajumlisha muda wa vipande vyote vya kushuka, na mwenye muda mfupi ndiye mshindi. Mfululizo wa dunia wa mbio hizi ulianza mwaka 2013, na tangu 2023 umo ndani ya Kombe la Dunia la shirikisho la baiskeli la kimataifa, UCI.

Aina ya pili ni mbio za hatua. Humo kila kitu kinapimwa, kupanda na kushuka, kuanzia mstari wa asubuhi hadi mstari wa jioni, siku kadhaa mfululizo. Himalaya inazo na zinajulikana: MTB Himalaya, ambayo imekuwa ikianzia Shimla katika jimbo la Himachal Pradesh nchini India, imekuwapo tangu mwaka 2005, na Yak Attack ya Nepal, ambayo njia yake imekuwa ikivuka Thorong La, mlango wa milima ulioko mita 5,416 juu ya usawa wa bahari.

Sasa jipime. Una nini wewe? Una miguu ya kunyonga siku nzima, una uvumilivu wa jua, unajua kuitunza baiskeli njiani. Katika mbio za hatua, vyote hivyo vinageuka kuwa muda. Katika enduro vinakusaidia kidogo tu, kwa sababu kinachopimwa ni kitu ambacho Bukene haijakufundisha: kushuka kwa kasi kwenye mawe. Ushauri wangu kwa mtu aliyekulia kwenye tambarare ya Unyamwezi ni kwamba aanze na mbio ndefu na mbio za hatua, ajifunze kushuka polepole pembeni, na enduro aiweke ya mwisho. Anayekuambia uanze na enduro kwa sababu "ni mteremko tu, hakuna kuchoka" hajawahi kuona mtu akiokotwa bondeni.

"Lakini mimi tayari ni fundi wa baiskeli na nina nguvu"

Sikatai. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya kilo 30 hivi kutoka Tabora hadi Bagamoyo kwa miezi, na nguvu hiyo haikupotea ukanda huu. Ila nguvu ya kazi na nguvu ya mbio zinatofautiana kwa mambo matatu:

- Mwenye mzigo ananyonga polepole na kwa uzito. Mshindani ananyonga kwa wepesi, mizunguko mingi kwa dakika, ili magoti yasiume.
- Mwenye mzigo akichoka anashuka na kusukuma. Mshindani anajifunza kupunguza mwendo kabla hajachoka.
- Mwenye mzigo anapanga siku yake mwenyewe. Mshindani anaondoka saa aliyopangiwa, hata kama tumbo limechafuka.

Mambo haya yanafundishika. Mtu mwenye miguu ya Bukene na mwalimu mwenye subira anabadilika ndani ya msimu mmoja wa kiangazi.

Panda ngazi hizi kwa mpangilio

Wengi wanataka kuruka kutoka gulio la Bukene hadi Kathmandu kule Nepal. Usifanye hivyo. Kila ngazi ina kitu inachokufundisha ambacho huwezi kukipata kwenye ngazi ya juu yake bila kuumia.

1. *Mashindano ya hapa hapa.* Watu wa Kanda ya Ziwa, wakiwamo wa Shinyanga na Simiyu, na majirani zao wa Tabora ndio watu wa baiskeli katika nchi hii, na mbio za baiskeli huandaliwa kwenye sherehe, mabonanza na maonyesho. Ingia hata kwa Phoenix yako. Unakwenda kujifunza kukimbia ndani ya kundi bila kugusana magurudumu, kunywa maji huku unaendesha, na kutotumia nguvu zote kilomita kumi za mwanzo.

2. *Usajili.* Nenda ofisi ya halmashauri umuone afisa michezo, umuulize klabu au chama cha baiskeli kilicho karibu. Mchezo huu kitaifa uko chini ya Chama cha Baiskeli Tanzania, CHABATA, nacho kinasimamiwa na Baraza la Michezo la Taifa. Mbio nyingi kubwa za nje zitakuuliza leseni ya mchezaji au barua ya chama. Barua hiyo haipatikani wiki moja kabla ya safari.

3. *Mbio za milimani za Afrika Mashariki.* Kilimanjaro imekuwa na KiliMan Adventure Challenge, ambayo sehemu yake mojawapo ni mbio za baiskeli za siku mbili kuuzunguka mlima. Kenya kuna 10to4 kwenye miteremko ya Mlima Kenya, inayochangisha fedha za kulinda msitu, na Migration Gravel Race ya Maasai Mara, iliyoanza mwaka 2021, mbio za hatua nne kwenye njia za vumbi na mawe. Hizi za Mara ndizo ningempeleka kijana wa Bukene kwanza: vumbi, joto, ng'ombe njiani, maji ya shida. Utajiona uko nyumbani. Kila mara hakikisha kwa waandaaji wenyewe kama mbio zipo mwaka huo.

4. *Himalaya.* Baada ya kumaliza salama angalau mbio moja ya siku kadhaa. Nasema kumaliza, sisemi kushinda.

Baiskeli: unachohitaji na unachoweza kuacha

Hapa ndipo maswali yanapokuwa mengi, na ndipo fedha nyingi zinapotea.

Phoenix, Avon na wenzake ni vyombo vya heshima vya kazi, lakini usithubutu kuvishusha mlimani. Breki zake za fimbo hazina nguvu ya kusimamisha kwenye mteremko mrefu, na zikilowa maji zinakuwa mapambo. Vitumie kwenye mbio za tambarare na mazoezi ya miguu, basi.

Kwa milimani tafuta baiskeli ya gia yenye shokapu za mbele. Za mtumba zinapatikana Mwanza na Dar es Salaam, na nyingine ni nzima kabisa. Kabla ya kutoa fedha, kagua hivi:

- Geuza baiskeli, zungusha magurudumu. Rimu ikiyumba sana au ikiwa na ufa, achana nayo.
- Shika gurudumu la mbele, litikise kushoto na kulia. Likicheza, beringi zimekwisha. Si tatizo kubwa, lakini bei ipungue.
- Angalia fremu kwenye maungio, hasa chini ya usukani. Mahali palipochomelewa na kupakwa rangi upya ni sababu ya kurudisha baiskeli kwa muuzaji na kuondoka.
- Bonyeza shokapu. Zikigoma kurudi, au zikivuja mafuta, fahamu kwamba spea zake huenda usizipate Nzega wala Tabora.
- Breki za diski ni bora kuliko za mpira, lakini diski za waya ni rahisi kutengeneza huku kwetu kuliko za mafuta. Kwa kuanzia chagua za waya.
- Ukubwa. Simama katikati ya baiskeli, nyayo zote zikiwa chini. Bomba la juu lisikuguse. Watu wananunua baiskeli kubwa kwa sababu inaonekana ya kiume, kisha wanashindwa kuitawala kwenye mteremko.

Baiskeli yenye shokapu mbele na nyuma ndiyo inayotumika enduro, nayo ni ghali. Usiuze ng'ombe kwa ajili yake mwaka wa kwanza. Kwenye mbio kubwa za nje mara nyingi kuna mahali pa kukodi, na kukodi kwa wiki moja kunaweza kuwa nafuu kuliko kununua yako. Ila ukikodi, fika mapema uizoee. Baiskeli nyingine breki ya mbele iko mkono wa kushoto, nyingine wa kulia, na ukisahau hilo kwenye kona ya kwanza utaruka juu ya usukani.

Kofia ngumu haina mjadala. Helmeti ya bodaboda haifai: ni nzito, inaziba masikio, na ukipanda nayo mlima joto litakuangusha kabla ya mawe. Nunua ya baiskeli, na kwa enduro iwe ya kufunika uso mzima. Ikishapigwa chini kwa nguvu mara moja, itupe hata kama haionyeshi ufa, maana povu la ndani likishabonyea halikulindi tena. Ongeza glavu, kinga za magoti, na miwani ya kuzuia vumbi.

Miiba nayo. Mbigiri na miiba ya migunga hutoboa tairi yoyote. Mafundi wetu wengi huweka ganda la tairi kuukuu kati ya tairi na tyubu, na linasaidia kweli kwenye mazoezi. Siku ya mbio litoe, linaongeza uzito. Beba tyubu mbili, viraka, solesheni, pampu na funguo zako. Katika enduro na mbio nyingi za milimani, sheria ni kwamba unajitengenezea mwenyewe, na msaada wa nje unaweza kukuondoa mashindanoni. Hapo fundi wa Bukene ana faida kubwa, aitumie.

Bukene hakuna mlima. Nifanyie mazoezi wapi?

Tabora na maeneo yake yako mita 1,200 hivi juu ya bahari, na ardhi imelala. Lakini usikate tamaa; mazingira yetu yana mengi ukiyatazama kwa jicho la mwanamichezo.

*Njia za ng'ombe.* Zile njia nyembamba zilizochimbwa na kwato, zenye mizizi na mashimo, ni shule ya kutawala usukani. Ziendeshe polepole, ukitazama mbele hatua kumi, bila kugusa majani ya pembeni. Ukikutana na mifugo, shuka. Mchungaji aliyefukuziwa ng'ombe leo atakufungia njia kesho.

*Mchanga.* Miinuko yetu ina mchanga, mabonde yana udongo mweusi wa mbuga. Kwenye mchanga punguza upepo kidogo, tumia gia nyepesi, kaa nyuma kidogo, na usikate usukani ghafla. Kilomita tano za mchanga ni sawa na mlima kwa mapafu. Mbuga iache wakati wa masika. Udongo unajaza magurudumu mpaka hayazunguki, na unavunja gia za nyuma.

*Kingo za malambo na makorongo.* Mahali hapa ndipo utakapojifunza kushuka. Mteremko wa mita chache unatosha kabisa kwa mwanzo. Omba ruhusa kwa serikali ya kijiji, na usiendeshe juu ya tuta la lambo lenyewe. Ukilimomonyoa, kijiji kinakosa maji.

*Mlima Sekenke.* Ukipita Igunga na Shelui kuelekea Singida kuna Sekenke, mpando halisi ulio karibu nasi. Nenda mkiwa kikundi, mpande na kupumzika na kupanda tena. Lakini ni barabara kuu ya malori. Panda alfajiri kukishakucha, vaa nguo za kung'aa, na msishindane kushuka hapo. Kushuka kwenye lami pamoja na lori la mzigo hakukufundishi lolote la mlimani.

Na reli. Tuta la reli ya Tabora kwenda Mwanza linapita hapa Bukene, na najua vijana wanaolitumia kama uwanja. Acheni. Ni kosa kisheria, na treni haiwezi kusimama kwa ajili yenu.

Namna ya kushuka

Sehemu hii isomeni mara mbili.

Kabla ya mteremko, teremsha kiti. Simama kwenye pedeli zote mbili, zikiwa sawa mbele na nyuma, usiache moja ikaning'inia chini ikagonga jiwe. Magoti na viwiko vikunjwe, vilegee. Kidole kimoja au viwili viwe kwenye breki muda wote, vingine vishike usukani. Macho yatazame unakotaka kwenda. Ukilitazama jiwe, utaligonga.

Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha zaidi, na ndiyo inayorusha watu. Ishike kwa kubonyeza taratibu, kamwe usiikwapue, na usiitumie kwa nguvu huku usukani umekata. Punguza mwendo kabla ya kona, ukiwa bado umenyooka. Ndani ya kona achia. Kwenye mteremko mrefu usishikilie breki kidogo kidogo mfululizo, zitapata joto na kuishiwa nguvu. Shika kwa nguvu kidogo, achia, shika tena.

Kama hujui kilicho mbele ya kona, kichukulie kuwa ni shimo. Kama sehemu inakutisha, shuka utembee. Kutembea mita thelathini kunakupotezea muda mdogo. Hakuna anayekucheka isipokuwa asiyejua. Na kama mbio zina siku ya kuikagua njia, itembee njia yote kwa miguu kwanza.

Msiyachukulie haya kama maneno ya mtu mwoga. Suleiman Kangangi, Mkenya aliyekuwa nahodha wa Team Amani na mmoja wa waendeshaji bora waliowahi kutoka ukanda wetu, alifariki tarehe 27 Agosti 2022 baada ya kuanguka akiwa kwenye kasi katika mbio za njia za vumbi huko Vermont, Marekani. Alikuwa mzoefu kuliko yeyote atakayesoma makala hii. Kasi haina heshima ya mtu.

Muda wa mazoezi

Wiki kumi na sita zinatosha kwa mtu anayeendesha kila siku. Anza Mei mvua zikishaisha. Siku nne kwa wiki: mbili za mwendo mfupi wenye kasi, moja ya njia za ng'ombe na makorongo, moja ndefu ya saa nne hadi sita. Siku za kilimo au mnadani zihesabu kama mazoezi, usiziongezee mengine juu yake. Kila wiki ya nne punguza nusu. Anayechoka daima hajengeki, anabomoka.

Endesha kama walivyosafiri wazee wa misafara: walianza kutembea alfajiri na kupiga kambi jua lilipoanza kuwaka. Saa kumi na mbili asubuhi uwe njiani, saa nne uwe unarudi.

Chakula na maji

Huna haja ya vyakula vya pakiti kutoka dukani. Michembe na matobolwa ni chakula cha safari kilichothibitishwa na vizazi: vyepesi, haviozi, vinatoa nguvu taratibu. Karanga za kukaanga, ndizi, asali ya Tabora iliyochanganywa na maji. Jizoeshe kula kila baada ya dakika arobaini ukiwa juu ya baiskeli, maana tumbo nalo linafundishwa. Usijaribu chakula kipya siku ya mbio.

Kwa maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi.

Pima afya kabla ya kitu kingine chochote

Mara nyingi kijana akilalamika kwamba mazoezi yanamchosha na hapati nafuu, tatizo halipo kwenye mazoezi. Eneo letu lina malaria na kichocho, na vyote vinakula damu. Nenda kituo cha afya upime malaria, kichocho na wingi wa damu. Pima pia selimundu. Ambaye ana vinasaba vya selimundu, hata kama hajawahi kuugua, azungumze na daktari kabla ya kwenda kwenye mwinuko mkubwa, kwa sababu upungufu wa hewa ya oksijeni unaweza kumletea madhara ambayo hayajawahi kujitokeza akiwa Bukene.

Mwinuko

Ukitoka mita 1,200 ukafika 3,500 kwa gari siku moja, mwili utalalamika hata ukiwa bingwa wa mkoa. Nguvu haikingi mtu na ugonjwa wa mwinuko. Hata wenye nguvu huumia, hasa wakilazimisha.

- Fika siku kadhaa mapema, ulale chini kabla ya kulala juu.
- Ukishavuka mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 hivi za mahali pa kulala kwa siku.
- Kichwa kikiuma, kichefuchefu kikianza, usingizi ukikukimbia: baki hapo ulipo, usipande.
- Ukipepesuka, ukichanganyikiwa, au ukikohoa na kukosa pumzi hata umekaa: shuka mara moja, hata kama ni usiku, hata kama umebakiza hatua moja. Usishuke peke yako.

Kwa akina dada

Mmeuliza kama mbio hizi ni zenu. Ni zenu. Wanawake wa Unyamwezi na Usukuma wamekuwa wakiendesha baiskeli muda mrefu, na mbio zilizowahi kufanyika Mwanza zilikuwa na madaraja ya wanawake na ya watu wenye ulemavu. Sheria za enduro ni zilezile, njia ni ileile, matokeo yanatolewa kwa madaraja. Mazoezini nendeni wawili au watatu, mwambieni mtu wa nyumbani njia mtakayopita. Vaa suruali isiyopwaya miguuni ili isinaswe na cheni. Na kwa mzazi anayesita: mpeleke binti yako kwenye mbio za wilaya, ukae umtazame, ndipo uamue.

Hati, fedha na matapeli

Anza na kitambulisho cha NIDA, kwa sababu pasipoti hutaipata bila hicho. Kisha Uhamiaji. Ndipo viza ya India au Nepal, cheti cha chanjo ya homa ya manjano kama kitahitajika, na bima ya safari. Kuhusu bima: kadi yako ya matibabu ya hapa nchini haitakulipia helikopta ya kukutoa mlimani. Nunua bima inayotaja kwa maandishi mashindano ya baiskeli, na inayotaja urefu wa mwinuko inaoukubali. Bima nyingi za bei rahisi zinaondoa vyote viwili kwa herufi ndogo.

Sasa matapeli. Yeyote anayekuambia ana "nafasi ya udhamini Himalaya" na anataka fedha ya usajili kwa namba yake binafsi ya simu, mwache. Ada ya ushiriki hulipwa kwa waandaaji, na waandaaji wa kweli hutoa stakabadhi, kanuni za mbio na orodha ya vifaa. Mpelekee afisa michezo au chama barua uliyoletewa, waisome kabla hujalipa. Usiweke rehani shamba. Mdhamini wa kweli hukuomba matokeo ya mbio ulizokimbia, na hiyo ni sababu nyingine ya kuanza na ngazi za chini.

Makosa yanayojirudia

- Kubadilisha baiskeli, viatu au kiti wiki ya mbio.
- Kujaza tairi upepo mpaka inagonga kama jiwe, kwa kudhani ndiyo kasi. Kwenye miamba tairi ngumu huruka na kuteleza.
- Kumfuata aliye mbele kwa karibu kwenye vumbi. Huoni kitu, na yeye akianguka nawe umo.
- Kuendelea baada ya kugonga kichwa. Ukiona kizunguzungu, ukisahau umeangukaje, au ukitapika, mbio zako zimeisha siku hiyo. Waambie waamuzi.
- Kumpita majeruhi. Kanuni zinakutaka usimame mpaka msaada ufike, na hata zisingekutaka, ungepaswa kusimama.

Kiangazi kijacho kianzeni hivi: watu watano wa Bukene wenye baiskeli, siku moja ya wiki, njia moja ya ng'ombe na korongo moja. Andikeni majina yenu, mmoja awe katibu, mpelekeni orodha kwa afisa michezo wa halmashauri na muombe kujulishwa mbio za kwanza zitakazofanyika mkoani au kwa majirani. Atawauliza mna klabu yenye jina na uongozi. Muwe na jibu.